Kurekodi PS4 kwa kapcha kadi ya USB na laptopu ya kawaida: skrini nyeusi, picha inakwama, sauti haiendani

pedi_ya_kushoto

Wakuu, salaam. Lengo ni kurekodi gemu kuanzia mwanzo hadi mwisho huku nikisimulia kwa Kiswahili, niweke YouTube, na baadaye nianze kurusha laivu. Vifaa vilivyopo:

PS4 Slim, TV ya 1080p. Laptopu Core i5 kizazi cha 8, RAM 8 GB kijiti kimoja, haina kadi ya picha ya pembeni, Windows 10. Kapcha kadi ile ndogo ya umbo la flashi, HDMI inaingia huku, USB inatoka kule. Haina jina la kampuni, ila kwenye OBS, programu ninayorekodia, inatokea kama "USB Video", na kasha limeandikwa 4K na USB 3.0. Maiki ya USB. Ruta ya 4G, nikipima upload inacheza kati ya 4 na 6 Mbps.

Shida ni hizi. PS4 nikiichomeka kwenye kapcha kadi, OBS inaonyesha weusi mtupu. Nikichomeka laptopu nyingine badala ya PS4, picha inakuja lakini inaruka kama slaidi, fremu tano hivi kwa sekunde. Na hata hapo sauti haiendani na picha. Halafu kidude hiki hakina tundu la kutoa picha kwenda kwenye TV, sasa mtu anacheza akiangalia wapi?

Nimebahatisha kila kitu kwenye mipangilio. Kidude kibovu au mimi ndiye sijui?

---

waya_mrefu

Mkuu, kidude ni kizima. Una matatizo mawili yasiyohusiana, usiyachanganye.

Weusi ni HDCP. Huo ni ulinzi ambao PS4 inauweka kwenye HDMI ili filamu zisinakiliwe, na kapcha kadi ikiuona inatoa weusi. Kwenye PS4 ingia Settings, kisha System, utaona Enable HDCP. Ondoa tiki. Ukiizima, programu za kutazama filamu hazitafunguka mpaka uirudishe, gemu haziguswi. Kwenye PS5 imo hukohuko System, chini ya HDMI. Wenye PS3 ndio wana kazi, maana HDCP yake kwenye HDMI haizimiki kabisa. Hao watumie waya wa component, ule wa vichwa vitano, na kapcha kadi au kigeuzi kinachopokea component.

Picha kuruka kama slaidi ni suala la USB. Vidude vya aina hii vingi vina chipu ya MS2109, ambayo ni USB 2.0 hata plastiki ikipakwa bluu na kasha likaandikwa 3.0. Ile "4K" ni ya kupokea tu, haitoi 4K. Piga hesabu: picha isiyobanwa ya 1920 × 1080, biti 16 kwa kila nukta, fremu 30, ni karibu megabiti 995 kwa sekunde. USB 2.0 kwenye karatasi ni 480, na kwa kweli hupati zote. Kwa hiyo OBS ikiomba picha isiyobanwa, yaani YUY2, kidude kinapunguza fremu hadi 5 ili zipite. Dawa ni kukiagiza kibane kwanza, yaani MJPEG.

Kwenye OBS bofya mara mbili chanzo chako cha Video Capture Device. Resolution/FPS Type iweke Custom. Resolution 1920x1080 na FPS 30, au 1280x720 na FPS 60. Video Format chagua MJPEG; usiache Any, maana ndipo inapojichagulia YUY2. Buffering zima. Kwa gemu za mpira na magari ningechukua 720 kwa fremu 60, macho yanaona tofauti mara moja. Kwa gemu ya hadithi, 1080 kwa fremu 30.

Kichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye habu inayobeba pia diski ya nje na kipanya. Wanagawana njia ileile, na diski ikianza kuandika, picha inaganda.

Kuhusu kuangalia: usicheze kwa kutazama dirisha la OBS. Picha inafika pale imechelewa, utakuwa unapiga shuti kipa ameshadaka. Tafuta splita ya HDMI, tundu moja la kuingia na mawili ya kutoka, yenye waya wake wa umeme wa 5V. PS4 inaingia, tundu moja linakwenda kwenye TV, la pili kwenye kapcha kadi. Zisizo na umeme wake zinapoteza picha kila dakika chache. Kapcha kadi za bei ya juu kama Elgato HD60 X zina tundu la kutolea picha, hazihitaji splita.

Na kwa atakayeuliza: tundu la HDMI la laptopu ni la kutoa tu. Kuchomeka PS4 humo hakuleti kitu.

---

fundi_maiki

Naongezea upande wa sauti, maana video ya simulizi mtu atavumilia picha hafifu lakini si sauti mbovu.

Kwanza PS4 yenyewe. Settings, Sound and Screen, Audio Output Settings: Primary Output Port iwe HDMI, na Audio Format iwe Linear PCM. Ikiwa Bitstream, yaani sauti iliyobanwa, kapcha kadi haielewi na unapata ukimya. Kosa la pili linalopoteza watu: hedifoni kwenye pedi huku Output to Headphones ikiwa All Audio. Hapo sauti yote inahamia kwenye pedi na HDMI inabaki bubu. Iweke Chat Audio, kisha hedifoni uchomeke kwenye TV. Usiache spika za TV zikiwa wazi unaporekodi, maiki itanasa gemu mara ya pili na itasikika kama mtu anayeongea chooni.

Kwenye OBS, kidude hiki kinajitokeza mara mbili, picha kama USB Video na sauti kama kifaa cha pili kinachoitwa Digital Audio Interface. Fungua tena dirisha la chanzo cha picha, weka tiki Use custom audio device, chagua hicho. MS2109 ina kasoro inayojulikana, inajitambulisha kama mono ya 96 kHz wakati kinachopita ni stereo ya 48 kHz. Kwenye Windows utaishia kupata mono. Kwa simulizi haina neno. Ukitaka stereo ya kweli, chukua splita yenye tundu la sauti la 3.5 mm, upeleke kwenye kadi ya sauti ya USB yenye line-in. Tundu la maiki la laptopu lenyewe mara nyingi ni mono pia, kwa hiyo hutakuwa umeokoa kitu.

Maiki: shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya pumzi, mgongo wake uelekee kwenye feni. Vichujio vya OBS kwa mpangilio huu, kwa sababu vinafanya kazi kutoka juu kwenda chini: Noise Suppression aina ya RNNoise, Compressor (inapunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) 3:1 kuanzia −18 dB, Limiter (inazuia sauti isipite kikomo) −3 dB. Ukiweka Compressor kabla ya kuondoa kelele, unakuza feni kwanza halafu unajaribu kuiondoa. Noise Gate, inayofunga maiki sauti ikishuka, mimi siipendi kwa Kiswahili, inakata silabi za mwisho na sisi maana yetu nusu iko mwishoni.

Vipimo: sauti yako ipige kwenye njano ya mita ya OBS, kati ya −15 na −10. Gemu iwe chini, −25 hadi −20. Usiguse nyekundu.

Na tenganisha nyimbo za sauti, yaani tracks. Advanced Audio Properties: gemu tiki namba 1, maiki tiki namba 2. Kisha kwenye Output, Recording, weka tiki zote mbili. Siku ukikohoa katikati ya mazungumzo ya gemu, unafuta kikohozi tu. Ila programu ya kawaida ya kuchezea video itasikika wimbo mmoja tu. Usishtuke ukadhani maiki haikurekodi.

---

mzee_wa_diski

Mipangilio ya kurekodi kwa mashine hiyo: Output Mode iwe Advanced, Recording Format MKV, Video Encoder (enkoda, kinachobana video) QuickSync H.264. Usitumie x264 kwa kurekodi. Hiyo inabebesha prosesa kazi ambayo chipu ya picha ya Intel ina sehemu maalumu ya kuifanya. Rate Control ICQ, anza na 23. Ukiona nyasi za uwanja zinageuka uji, shuka hadi 20. Namba ndogo ni ubora mkubwa na faili kubwa.

MKV si mapambo. Faili la MP4 la kawaida linaandikiwa faharasa yake mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika au laptopu ikizima baada ya saa mbili, una saa mbili za takataka. MKV inabaki nzima hadi sekunde ya mwisho. Ukimaliza, File, Remux Recordings, unapata MP4 ndani ya dakika chache bila kupoteza ubora. OBS za kuanzia 30.2 zina Hybrid MP4 ambayo nayo inavumilia kukatika, ila programu nyingine za kuhariri zina namna zake, jaribu kwanza.

Nafasi: kila megabiti 1 kwa sekunde ni karibu GB 0.45 kwa saa. Rekodi inayozunguka 15 Mbps inakula GB 6.75 kwa saa. Diski ya kuzunguka inatosha kabisa, hiyo ni chini ya megabaiti 2 kwa sekunde. Usirekodi kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, inakomea kwenye faili la GB 4 na OBS inasimama. Ifomati exFAT.

Na laptopu iwe kwenye chaja. Ikiwa kwenye betri inapunguza mwendo, halafu mtu anakuja hapa kulaumu kapcha kadi.

---

kibanda_namba_9

Mnamzungusha bure kijana. PS4 ina kitufe cha Share. Bonyeza mara mbili, inaanza kurekodi, bonyeza tena mara mbili imesimama. Options kwenye menyu ya Share unaongeza muda kutoka dakika 15 hadi 60, weka tiki ya kujumuisha sauti ya maiki, chomeka maiki ya waya kwenye pedi, hamisha kwa flashi. Hakuna OBS, hakuna splita.

---

waya_mrefu

@kibanda_namba_9 kwa anayeanza bila hata senti ni kweli, na hata mimi ningesema aanzie hapo kupima kama ana subira ya kusimulia. Lakini PS4 Slim inarekodi 720p kwa fremu 30 tu. 1080p ni ya Pro. Sauti yako na ya gemu zinaunganishwa, huwezi kuzitenganisha tena. Na kuna gemu zinazozuia kurekodi kwenye baadhi ya vipande, mara nyingi mwisho wa hadithi, yaani palepale mtazamaji alipokuwa anapasubiri. Yeye kapcha kadi ameshanunua.

---

pedi_ya_kushoto

Wakuu asanteni sana. HDCP imezimwa, MJPEG imewekwa, picha imekuja safi kabisa. Splita nimeazima.

Nimerekodi dakika 40 kwa 720p fremu 60, QuickSync ICQ 21. Video bado inasita kidogo kila baada ya muda. Nimefungua dirisha la Stats kwenye OBS nikakuta: Frames missed due to rendering lag 6.2%, Skipped frames due to encoding lag 0.1%. Rangi nazo zimepauka, nyeusi inaonekana kijivu. Na kitu cha tatu, mwanzo wa video maneno yangu yanaendana na gemu, mwisho wa dakika 40 yamepishana karibu nusu sekunde.

---

mzee_wa_diski

Vizuri umeleta namba. Tabia ya kusema "inakwama" bila Stats ndiyo inayofanya nyuzi hizi zifike kurasa kumi.

Mistari mitatu ya Stats ina wakosaji watatu tofauti. Rendering lag maana yake chipu ya picha inachelewa kuchora fremu. Encoding lag maana yake enkoda inachelewa kubana. Dropped frames ni mtandao, na inahesabika tu ukiwa unarusha laivu. Wewe una ya kwanza, kwa hiyo kubadili ICQ au enkoda hakutakusaidia.

Chipu ya picha ya Intel haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kawaida. Ukiwa na kijiti kimoja njia ni moja. Ongeza kijiti cha pili cha GB 8 cha kasi ileile, njia zinakuwa mbili na utaona tofauti kwenye picha kuliko kwenye kitu kingine chochote. Kabla ya kutoa hela: Base Canvas na Output zote ziwe 1280x720, kusiwe na kupunguza ukubwa katikati. Funga kivinjari. Bofya kulia kwenye dirisha la onyesho na uzime Enable Preview, maana unacheza ukiangalia TV hata hivyo. Hiyo ya mwisho peke yake huwa inashusha sana rendering lag kwenye mashine dhaifu.

Rangi kupauka: PS4 na OBS hazikubaliani kuhusu kiwango cha weusi. Kwenye PS4 weka RGB Range iwe Limited, na kwenye chanzo cha OBS Color Range iwe Limited pia. Weusi wa kijivu maana yake mmoja anatuma Limited na mwingine anasoma Full. Ukiona kinyume, vivuli vimemezwa vyote, ni kosa hilohilo limegeuka.

---

fundi_maiki

Kuhusu sauti kupishana, tofautisha kuchelewa na kuteleza. Kuchelewa ni kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Kuteleza kunakua kadiri muda unavyokwenda. Wewe una kuteleza, na Sync Offset, namba ya kuchelewesha au kuwahisha sauti kwenye OBS, haitakutibu. Ukirekebisha mwanzo, mwisho unaharibika.

Mara nyingi chanzo ni vifaa viwili kuhesabu sampuli kwa viwango tofauti. Fungua mipangilio ya sauti ya Windows, sehemu ya Recording, kila kifaa, Advanced: maiki iwe 48000 Hz, isiwe 44100. Kapcha kadi ikikataa kushuka kutoka 96000 iache. Ndani ya OBS, Settings, Audio, Sample Rate 48 kHz. Funga OBS ufungue upya. Ikiendelea kuteleza, kwenye chanzo cha maiki geuza Use Device Timestamps: kama iko na tiki toa, kama haina weka. Rekodi dakika 40 nyingine, linganisha mwanzo na mwisho.

Baada ya kuteleza kukoma ndipo upime kuchelewa. Fungua spika za TV kwa jaribio hili tu, nenda kwenye menyu ya gemu yenye mlio mkali, bonyeza mara tano ukiwa kimya. Mlio unaingia kwa njia mbili, kapcha kadi kwenye wimbo 1 na hewani hadi maiki kwenye wimbo 2. Fungua faili kwenye programu ya kuhariri inayoonyesha mawimbi, pima umbali kati ya vilele. Tuseme maiki inatangulia kwa fremu 8 kwenye video ya fremu 60: kila fremu ni milisekunde 16.7, jumla 133. Andika 133 kwenye Sync Offset ya maiki. Namba chanya inachelewesha, hasi inawahisha. Kisha tazama kama mlio wa wimbo 1 unalingana na picha ya menyu kubadilika. Ukiwa umetangulia, ongeza kiasi kilekile kwa nyimbo zote mbili.

---

bando_limeisha

Nimalizie laivu, maana aligusia.

YouTube inataka uthibitishe kituo kwa namba ya simu, na mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24 kabla haijaruhusu kurusha. Usitangaze mechi ya leo usiku ukiwa hujafanya hivyo.

Kwa upload inayoyumba kati ya 4 na 6, panga kwa ile ndogo, na utumie theluthi mbili yake: 2500 kbps, CBR (kiwango kisichobadilika), keyframe (fremu kamili) kila sekunde 2, sauti 128. Kwa kiwango hicho chukua 720p fremu 30. Fremu 60 kwa 2500 ni kugawa ugali wa mtu mmoja kwa watu wawili, kila mwendo wa haraka utakuwa vibokisi. Jumla ni 2628 kbps, sawa na karibu GB 1.2 za bando kwa saa. Laivu ya saa tatu ni GB 3.5 za kutuma peke yake, kabla hujafungua simu yako kusoma maoni.

Ruta ya 4G iunganishe na laptopu kwa waya. Kwenye Settings, Advanced, weka tiki ya Dynamically change bitrate to manage congestion. Mnara ukijaa watu saa mbili usiku, picha inafifia badala ya kukatika. Jaribu kwanza kwa laivu ya Private ya dakika 20 saa ileile unayokusudia kurusha, si saa nane usiku mtandao ukiwa mtupu. Ukiona Dropped frames zinapita 1%, shusha hadi 2000.

Unaweza kurekodi na kurusha kwa pamoja, lakini kwa laptopu hiyo weka Recording itumie enkoda ileile ya laivu. Enkoda mbili kwa pamoja zitakurudishia lag uliyoiondoa.

Na zima muziki kabla. Nyimbo za menyu kwenye gemu za mpira na redio za GTA V zina wenyewe, Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi za wenyewe, inazikamata, na mapato ya video au video yenyewe inaweza kwenda. Shusha Music hadi sifuri kwenye mipangilio ya gemu, acha sauti za uwanja.

---

pedi_ya_kushoto

Taarifa. Onyesho la OBS limezimwa, kivinjari kimefungwa, canvas 720: rendering lag imeshuka hadi 0.4%. Rangi sawa. Maiki ilikuwa 44100, sasa 48000, dakika 40 hazikuteleza. Jaribio la mlio limenipa fremu 7, nimeweka 117.

Mono ya kapcha kadi naiacha. RAM mwezi ujao.

---

fundi_maiki

117 ni sawa kwa 60. Ukihamia 1080 fremu 30, pima upya, namba hiyo itabadilika.